Mapango Haya Yana Wenyewe

Mimi ni mzaliwa wa Saboti, na kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Elgon. Wengi hufika lango la Chorlim wakiwa na Kitum yao kichwani: pango la tembo wanaolamba mawe, au pango la virusi vya Marburg, maana wagonjwa wawili wa virusi hivyo, wa 1980 na wa 1987, walikuwa wamelitembelea. Hayo ni kweli, nami siyafichi.

Kabla ya kuingia nakagua kinyesi cha tembo mlangoni. Kikiwa kibichi, hatuingii. Ndani namulika ukuta kwa tochi, mgeni apitishe kidole kwenye mifereji iliyochimbwa na pembe za tembo, vizazi kwa vizazi, wakitafuta chumvi gizani.

Wakishapiga picha, naanza habari ya watu. Katika mapango mengi ya mlima huu babu zetu, Wasabaoti, waliishi na ng'ombe wao, mlango umezibwa kwa magogo dhidi ya wavamizi. Mskoti Joseph Thomson aliwakuta humo mwaka 1883, akadhani mapango yalichimbwa na taifa fulani la kale. Wenye nyumba walikuwa mbele yake! Baadaye serikali ya kikoloni iliwaamuru watoke, na nyanda za Trans Nzoia, walikolisha mifugo, zikagawiwa walowezi. Mpaka wa Kenya na Uganda nao ukakata ukoo vipande viwili. Ng'ambo ya mto Suam, Uganda, ndugu zetu wanaitwa Wasebei, na bado tunaoana na kuzikana.

Kinachoniuma zaidi ni Chepkitale, juu kule kwenye nyasi na baridi, kwao Waogiek. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwenye boma akageuka mvamizi katika boma lake. Walikwenda mahakamani, wakavumilia miaka mingi ya kesi, na Septemba 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma ikaamua kwamba ardhi ni yao. Nawaheshimu sana wazee wale. Msitu waliutunza kwa sheria zao wenyewe, na mizinga yao ya nyuki imo humo hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukija Elgon, tembo watazame na picha upige. Lakini mwombe anayekuongoza akueleze ni akina nani waliowasha moto mlangoni mwa pango, na wajukuu wao wanaishi wapi sasa.