Waini nyekundu haitaki soda, inataka pilau!

Wiki hii safu yako haikupeleki ushuani. Hatuvuki Salender, hatuendi Masaki kukaa chini ya mwavuli tusomewe menyu na mhudumu aliyefunga tai. Leo tunakanyaga katikati ya Jiji, toka Feri hadi Kariakoo, kikapu mkononi. Shughuli ni moja tu: kutafuta chakula cha jioni kinachokwenda na waini nyekundu, kwa mfuko wa mtu anayepanga chumba kimoja. Mapedeshee leo watuache kidogo.

Najua kuna msomaji ameshaguna. Waini na Kariakoo wapi na wapi? Tulia, mzee. Sisi vijana wa mjini wengi tulijifunza kunywa tukiwa tumesimama. Ulikuwapo ule mtindo wa viroba, unachana kwa meno, unamaliza kabla daladala haijajaa. Machi 1, 2017 Serikali ikapiga marufuku pombe ya mifuko ya plastiki. Viroba vikaenda zao, lakini mtindo wa kunywa haukuondoka. Hata waini ikifika kijiweni inapigwa vile vile: kikombe cha plastiki, soda nyeusi, tumbo halina kitu tangu chai ya asubuhi. Saa moja baadaye mtu amelala juu ya meza, halafu anatangaza kuwa waini ya Bongo haifai.

Mimi nikasema haifai kwa nani? Ndipo nikakusanya washkaji watatu, tukachanga chupa tatu za jioni tatu. Moja nyekundu kavu ya Dodoma, moja nyekundu tamu ya huko huko, ile Dompo inayojulikana mtaani, na moja kavu kutoka Afrika Kusini. Masharti yalikuwa mawili: hafungui mtu chupa kabla sahani hazijafika mkekani, na hakuna soda.

FERI: SAMAKI NA CHUMA

Tulianzia Feri, Soko la Samaki pale Magogoni. Ukifika asubuhi unakuta mnada, kelele, maji ya chumvi hadi kwenye soksi. Tukachukua changu wawili wakubwa. Nilitaka makusudi kumpima samaki wa nazi kwa waini kavu, kwa sababu watu wanasema nyekundu na samaki hazielewani na mimi siamini kitu mpaka nikionje.

Jioni hiyo changu akapikwa kwa tui zito, ndimu na binzari, pembeni wali mweupe. Tukafungua ile ya Dodoma kavu. Bwana wee! Samaki peke yake mtamu ile mbaya. Waini peke yake safi. Ukivikutanisha mdomoni, unahisi kama umelamba sarafu. Ladha ya chuma tupu. Na nazi nayo ikaifanya waini ionekane chachu kuliko ilivyo. Kwa hiyo wazee wa menyu hawakusema uongo kwa huyu wa nazi.

Sema nini, kipande kimoja tulikibakiza tukakikaanga, tukakimwagia rosti ya nyanya na kitunguu saumu, waini tukaipoza vizuri. Hapo chuma kikapungua na nyanya ikakubaliana na uchachu wa waini. Hata hivyo kama una samaki wa nazi usiku huu, kunywa maji ya madafu na furaha yako. Chupa iache isubiri nyama.

KARIAKOO: PILAU YENYEWE

Toka Feri unakamata gari hadi Mnazi Mmoja, kisha unavuka Lumumba kwa miguu, na hapo umeshaingia Kariakoo. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliowekwa eneo hili. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, msanifu Beda Amuli, na likafunguliwa mwaka 1975, na lile paa lake la zege lililosimama kama miavuli. Moto uliliunguza Julai 2021, lakini biashara ya Kariakoo haikufa, ilihamia barabarani na mitaa ya jirani. Mtu wa Kariakoo ukimnyima meza atauzia begani.

Ukipita Mtaa wa Kongo shika mfuko wako kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono wa pili. Tulinunua mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba nzima, vitunguu vyekundu na nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo. Muuza bucha akaniuliza, "Mjomba, kuna shughuli gani leo?" Nikamwambia tunaonja waini. Akacheka, akaniongezea kipande chenye mfupa. "Basi chukua na hiki, msije mkalewa na njaa." Huyu hajasoma kitabu chochote cha waini, lakini kazi anaijua.

Sasa ngoja nikupe siri kwa lugha ya nyumbani. Umeshakula bibo, tunda la mkorosho? Unajua ule ukakasi unaokamata ulimi na mashavu? Waini nyekundu kavu inao, kwa sababu inachachushwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu, na ndiyo maganda yanayoipa rangi. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina ukakasi. Ukiitia maziwa, inalainika. Nyama na mafuta yake hufanya kazi ile ile ya maziwa: yanaukamata ukakasi, mdomo unabaki laini. Halafu waini inaukata mafuta, unarudi kwenye sahani na hamu mpya. Ndiyo maana mishkaki, rosti ya ng'ombe, ndizi nyama na pilau zinapatana na nyekundu kavu.

Pilau ikaiva. Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Tunapanga nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ua mmoja, na mama mwenye nyumba ni Mwislamu safi. Nilimwendea mapema. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza nia yetu bila kuzunguka. Akasema, "Humo chumbani kwako ni kwako. Uani kwangu usilete chupa, na vyombo vyangu usivichanganye." Hayo tu. Basi ndani ya sufuria hatukutia hata tone, vikombe vikawa vyetu, na sahani ya kwanza ya pilau ikaenda kwake kabla chupa haijafunguliwa. Alirudisha sahani tupu na salamu: chumvi imepungua kidogo. Na kweli ilikuwa imepungua.

Jioni hiyo tulifunga chupa mbili kavu kwa magazeti, ya Dodoma na ya Afrika Kusini, mtu asijue ipi ni ipi. Kumbuka jamaa wa Cape walikamua waini yao ya kwanza mwaka 1659, zaidi ya miaka 360 iliyopita. Kwetu zabibu ya waini ililetwa Dodoma na wamisionari wa Kiitalia wa Bihawana miaka ya 1950, yaani juzi tu. Matokeo? Kura mbili kwa mbili. Ya Cape ilikuwa laini zaidi. Ya Dodoma ilikuwa na ukali wake, na kwa mdalasini na kitunguu kilichoungua kidogo ule ukali ukakaa mahali pake. Mshkaji wetu mmoja, Yanga damu, alikuwa amegoma kabisa kugusa kinywaji chenye rangi ya Msimbazi. Kwa pilau ile akasamehe, ila akaomba kikombe chake kiwe cha kijani.

MAMA WA KIGOGO ANAFUNGUKA

Mpangaji wa chumba cha mwisho ni mama mmoja mzaliwa wa Dodoma, ambaye kwao wanalima zabibu. Alipoona chupa ile mlangoni kwangu alisimama, akasoma lebo pole pole. "Hii mnaijua inatoka wapi?" Akaingia, akakaa, akatusomesha.

Kule Dodoma, kwenye mita kama 1,100 juu ya bahari, mvua ni ya msimu mmoja tu tena haba, jua kali, usiku ubaridi. Hakuna baridi ya theluji ya kuulaza mzabibu, hivyo ukiupogoa unachipua tena, na mwaka mmoja unavuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Ulaya wanavuna mara moja. Ipo aina nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, hapo hapo Dodoma, na nyeupe ya Chenin Blanc. Mpaka hapo tulikuwa tunatikisa vichwa kwa raha.

Kisha akabadilika sauti. "Baba zangu, zabibu haingoji mnunuzi. Mahindi utayaweka ghalani. Zabibu ikiiva imeiva, siku chache inaoza." Akatukumbusha ilikuwapo kampuni ya umma, DOWICO, iliyokuwa ikinunua zabibu za wakulima. Ilipoanguka, kuna waliong'oa mizabibu yao kwa mikono waliyoipandia. Baadaye vikaja viwanda vya watu binafsi, kikiwamo cha Cetawico kule Hombolo, lakini kilio cha soko wakulima wamekiimba mwaka hadi mwaka. "Mkinywa na soda hamjui mmekunywa nini," akasema. "Mtu asiyejua alichokunywa kesho hakitafuti."

Chumba kikanyamaza. Mimi hapo nikaona hii si habari ya raha peke yake. Kila mmoja wetu ana maneno ya kusifia vitu vya nyumbani. Lakini ukinywa cha nyumbani kama dawa ya kulewa, utachagua cha bei ya chini kabisa, na bei ya chini kabisa mwisho wake humfikia mwenye shamba. Ukikinywa na chakula, unaanza kuuliza kipi kizuri na kimetoka shamba gani.

PILIPILI MBUZI NA ILE TAMU

Jioni ya tatu ilikuwa rosti ya mbuzi na chapati, pilipili mbuzi imepasuliwa ndani. Tukajaribu kwanza mabaki ya waini kavu. Moto! Pombe inaichochea pilipili, ulimi unawaka mara mbili. Tukaleta ile tamu iliyopozwa. Sukari ikaubembeleza moto, ubaridi ukamalizia. Mimi huwa siipendi tamu kunywa hivi hivi, inanikumbusha dawa ya kikohozi. Kwa rosti ya pilipili ilikuwa bam.

Na ubaridi wenyewe usiupuuze. Chupa zinaandikwa nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Chumba gani? Cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Kariakoo mwezi wa Februari ni tanuri la mkate. Weka chupa kwenye friji nusu saa, au ndoo ya maji na barafu robo saa. Barafu ikae nje ya chupa, usiitie ndani ya kikombe. Na ukienda grosari usichukue chupa iliyopangwa dirishani kwenye jua. Hiyo imeshapikwa kabla hujaipikia.

HESABU YA MFUKONI

Chupa ya Dodoma niliyonunua ilikuwa na bei kama ya bia tano au sita za baa. Ghali? Tuhesabu. Chupa ni mililita 750, yaani vikombe vitano vya wastani. Kwa waini ya asilimia 12, pombe yote iliyomo ni kama ya bia tatu na nusu za nusu lita zenye asilimia 5. Watu wanne hamtalewa, mtachangamka tu, na tumbo lina pilau. Lakini mmoja akiimaliza peke yake na njaa yake, kasheshe yake aibebe mwenyewe. Wa chini ya miaka 18 baki na juisi ya ukwaju, na anayeendesha bodaboda vile vile.

Kwa kifupi basi, mtu wangu: nyama yenye mafuta, kavu. Rosti yenye pilipili, tamu iliyopozwa. Maharage ya kitunguu na nyanya na ugali wa moto, kavu pia, tena jaribu tarehe 25 mfuko ukiwa umekauka. Samaki wa nazi, mwache apumzike. Na kama mezani kuna asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari, mpakulie wa kwanza, wala usimshawishi.

Siku hizi Dodoma si mbali, treni ya umeme toka Dar ilianza safari za huko mwaka 2024. Nikipata nauli msimu wa mavuno nitakwenda nikaione mizabibu ya yule mama, nikuletee habari. Kwa sasa niandikie kupitia kwa mhariri, uniambie kwenu mnapika nini na ulikinywa na nini. Chupa moja, watu wanne, sufuria limejaa. Anayetaka kunywa kwa kusimama, kituo cha daladala anakijua.