Kutoka Kipese hadi kilele cha Tshiaberimu: mama mkimbizi aliona tena ziwa lake

Walitoka Kipese kwa moto, giza lingalipo: mzee aliyefanya kazi ya kufuata nyayo za gorila, na mama aliyekimbia Kanyabayonga vita ilipofika mwishoni mwa Juni 2024. Mama huyo anakaa kwa familia moja hapa Kipese. Kila akitafuta kuni au shamba, anaambiwa: kule mlimani usikate mianzi, usilime, ni mbuga ya Virunga. Akataka kwenda kuona mwenyewe kile kinacholindwa kuliko watu. Ndivyo alivyosema.

Kwenye kituo mzee aliongea kwanza na walinzi, maana siku hizi njia haiwi wazi kila siku. Mlinzi mmoja akaenda nao.

Mashamba ya viazi yanakoma ghafula na mianzi inaanza palepale. Mama akasimama.

"Mzee, hata huu ukingo tu wangetupa."

"Maji unayochota, mama, yanatoka humu ndani."

"Maji siyakatai. Lakini watoto hawashibi maji."

Mzee hakujibu, na kweli jibu la haraka halipo.

Saa tatu nzima walipanda kwenye tope na baridi. Kilele kinapita metre 3,000, na jina Tshiaberimu katika Kinande ni mlima wa mizimu. Njiani walikuta mianzi michanga imemenywa, alama ya gorila. Mzee akaeleza kwamba gorila wa mlima huu walikuwa wamebaki chini ya kumi. Oktoba 2024 waliletewa majike wanne kutoka kituo cha GRACE kule Kasughu, humuhumu mtaani Lubero, yatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji. Waliletwa kwa helikopta, wakawekwa kwanza ndani ya uzio wazoee mahali.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi tulikuja kwa miguu, godoro kichwani, na wao helikopta!" Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na wale wenyeji waliowakuta, waliwapokea?"

"Polepole, mama. Ni polepole."

Juu, mawingu yalifunguka kwa muda mfupi. Chini upande wa mashariki likaonekana ziwa Edward. Mama alinyoosha mkono kuelekea kusini, kwenye Vitshumbi, ambako samaki aliokuwa akiuza Kanyabayonga walitoka. Kutoka kwao pia ziwa hilo huonekana, lakini kutokea upande mwingine. Alilitazama bila kusema neno hadi wingu likalifunika, na mlinzi akasema mvua inakuja.

Saa saba za mchana walikuwa wameshuka. Ukingoni mwa mbuga mkulima mmoja alikuwa anachimba viazi. Mama alimsalimia, akamuuliza kama anahitaji mtu wa kibarua. Akaambiwa arudi Jumatatu na jembe lake. Jembe hana, lakini mzee analo.