Pikipiki za Zamani, Kutoka Ofisini Hadi Masagati

Pikipiki ya barabarani na porini, ile ndefu yenye tairi za meno, madigadi yaliyonyanyuka na ekzosi inayopita ubavuni, ilienea duniani baada ya Yamaha kutoa DT-1 mwaka 1968. Honda ikafuata na XL250 mwaka 1972. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, aina hii haikuingia kwa starehe. Mabwana shamba, mapadre na watu wa miradi ndio waliopanda DT na XL, na wanavijiji walizitambua kwa mlio kabla hazijaonekana. Namba zenyewe zilimtaja mwenye mali: SU ya shirika la umma, DFP ya mradi wa wafadhili.

Njia ya Masagati inaonyesha sababu. Kata hii iko upande wa Mlimba, ambako tambarare ya mpunga inaishia na vilima vinaanza. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, humfikisha msafiri Mlimba. Baada ya hapo ni barabara ya udongo. Masika tope hujaa chini ya digadi ya pikipiki ya kawaida hadi gurudumu linagoma kuzunguka. DT175 ina nafasi kubwa hapo, na gurudumu lake la mbele la inchi 21 hupanda shimo ambalo la inchi 17 lingetumbukia.

Siku hizo mtu binafsi aliipata DT au XL zaidi kwenye mnada, ofisi ilipoichoka. Aliyebahatika alimjua aliyekuwa akiiendesha, na habari hizo zilishinda ukaguzi wowote. Asiyemjua aliipiga kiki injini ikiwa baridi, akatazama moshi. Hapo wengi walikosea. DT nyingi za zamani ni za mipigo miwili, huunguza oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi wa buluu si ugonjwa. XL ni ya mipigo minne: ikitoa moshi huohuo, ringi au sili za valvu zimekwisha. Kwenye DT cha kuogopwa ni pampu ya oili. Ikifa kimyakimya, pistoni hunata. Ndiyo maana mafundi wengi huing'oa na kuchanganya oili tangini, dawa ya kienyeji lakini inayofanya kazi.

Pikipiki za China na India zilipojaa madukani miaka ya 2000, na kanuni za 2010 zikaruhusu kubeba abiria kwa leseni, hesabu ya mnunuzi iligeuka. Boxer mpya ya India inakuja na kadi ya usajili, na spea zake zinauzwa hata kwenye vituo vidogo. Kwa bodaboda hilo linatosha. DT na XL zikabaki kwa wachache, nyingine zikiwa zimefungwa injini ya Kichina kwenye fremu ya Kijapani.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wa leo huanzia kwenye karatasi: namba ya injini na ya chesisi zilingane na kadi, na jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayeweza kufika mamlaka ya mapato, TRA, kuhamisha umiliki. Injini hufuata, kisha upatikanaji wa tairi ya inchi 21. Kwa mkazi wa Masagati, XL yenye injini yake halisi na kadi safi bado inafaa kununuliwa. DT ni ya mwenye fundi wake.