Tone Moja la Udi wa Kihindi

Katika kila ukoo wa pwani uliotawanyika, hakosekani mtu mmoja anayekumbukwa kwa harufu yake kabla ya kukumbukwa kwa sura. Kwetu sisi mtu huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye leo anaishi Okolona, upande wa kusini wa Louisville, jimboni Kentucky. Harufu yake ni mafuta ya udi wa Kihindi. Nimeona niandike habari zake angali hai na akili zake timamu, kwa sababu vijana wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo wameanza kuulizana chupa yake itarithiwa na nani. Kwa maoni yangu, wameshika jambo dogo na kuliacha kubwa.

Kwanza tuujue udi wenyewe. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni ubao au kijiti tu. Ndiyo maana ile ala ya nyuzi ipigwayo katika taarabu nayo huitwa udi. Mti utoao udi wa Kihindi, ambao wataalamu huuita Aquilaria malaccensis, huota Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Ukiwa mzima, ubao wake ni mweupe na mwepesi, wala hauna harufu ya kusifiwa. Wadudu wakiutoboa na kuvu ikaingia, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito, na ubao wa mahali hapo hugeuka mweusi. Huo ndio udi. Mafundi hulowesha vipande vyake majini kwa siku nyingi, kisha huvichemsha, wakaukusanya mvuke na kuyaengua mafuta kidogo kidogo. Miti imekatwa mno, hata tangu 1995 biashara yake baina ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Wapo kati yetu wanaopenda kulifanya jeraha la mti kuwa mfano wa watu waliohamishwa na mambo ya 1964. Nilipomsomea shangazi maneno kama hayo, alicheka. "Mwanangu," aliniambia, "mti haukuchagua kitu. Mimi nilichagua." Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, akaondoka na mama yake baada ya Mapinduzi ya Januari mwaka huo. Akaishi Mombasa miaka mingi, kisha Maskati, na mwisho akamfuata mwanawe Kentucky. Katika kila kituo kulikuwa na vitu vya kuachwa, na vya kuchukuliwa vilikuwa vichache. Kichupa cha udi kilikuwa miongoni mwa vichache hivyo. Kina ujazo wa tola moja, yaani gramu zipatazo 11.7, na kifuniko chake kina kijiti cha kioo.

Mafuta haya hayampendezi mtu kwa haraka. Robo saa ya kwanza hunuka zizi la ng'ombe na ngozi mbichi, kwa sababu ya kule kulowekwa kwa muda mrefu. Baadaye ukali hupungua na moshi huingia, halafu huja utamu mzito kama wa asali iliyokaa, na utamu huo hudumu nguoni hata siku ya pili. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikongo aliyekuja kutoka Kivu, siku ya kwanza aliingia akauliza kwa adabu, "Mama, kuna ngozi inaungua jikoni?" Shangazi akamjibu, "Kaa kwanza, mwanangu, tunywe kahawa." Kahawa ilipokwisha, nilimwona yule mama akiinua ukosi wa nguo yake na kuunusa kwa siri.

Hiyo ndiyo tabia ya shangazi pia. Ni mkali wa maneno mlangoni, na mpole ukishakaa. Hajitahidi kupendwa na mtu katika dakika ya kwanza. Amewaona watu wengi wakimkimbia mapema, wala hakuwafuata. Waliosubiri ndio aliowapikia, akawauguza na kuwalelea watoto. Nimepata kumuuliza kama ni udi uliomfunza hivyo, au ni yeye aliyeuchagua udi kwa kuwa unafanana naye. Alinijibu kwamba mama yake alikuwa mpole tangu mlangoni, naye alijipaka waridi.

Nguvu ya udi humtaka mwenye kuuvaa ajue kiasi. Shangazi hujipaka tone moja tu, nyuma ya masikio na ndani ya kifundo cha mkono, na haupaki anapotoka kwenda madukani Preston Highway. Kwake udi ni wa nyumbani na wa wageni. Binti yake anafanya kazi katika ofisi moja iliyobandika tangazo la kuwakataza wafanyakazi kuvaa manukato makali, kwa kuwa wamo wenye pumu. Binti alirudi na hasira, akisema kwamba desturi yetu inadharauliwa. Shangazi hakumuunga mkono. "Pumzi ya mtu ni haki yake," alisema. "Udi ni ukarimu, na ukarimu haulazimishwi." Lakini siku hiyo hiyo alimwambia maneno ya pili, ambayo binti hajayasahau: kuuacha udi kwa ajili ya afya ya mwenzako ni adabu, na kuuacha kwa kuogopa kujulikana utokako ni jambo jingine. Mtu auulize moyo wake ameuacha kwa lipi.

Naliona swali hilo ndilo linalotukabili sote tuliozaliwa au kukulia huku. Wengi wetu tumeuacha udi, chetezo, buibui la bibi na hata lugha yenyewe, na tunasema ni kwa ajili ya majirani.

Shangazi si mtumwa wa desturi. Waarabu wa Ghuba husema kwamba baada ya udi hakuna kukaa, maana chetezo hupitishwa mwisho wa ziara, nacho ndicho kinachowaaga wageni. Okolona ipo karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege za mizigo za UPS hushuka usiku kucha, na wageni wetu wengi wana zamu za usiku. Shangazi aliona kwamba akingoja mwisho, mgeni ataondoka mbio bila kufukizwa. Basi yeye hukitoa chetezo mwanzo, kabla ya kahawa, na hukiweka karibu na dirisha lililo wazi ili kengele ya moshi isilie. Ndugu zetu wa Buffalo, ambao theluji haiwaruhusu kufungua madirisha, wamemwiga kwa chetezo cha umeme, nao husema koti la sufi hutunza harufu ya udi kuliko kanzu ya pamba.

Sasa nirudi kwenye urithi. Chupa ile imejazwa upya mara mbili, Mombasa na Maskati, kwa hiyo mafuta yaliyomo siyo yale ya Unguja. Shangazi mwenyewe hakulificha jambo hilo kamwe. Ni sisi tuliojitungia hadithi. Yamebaki kama robo tola, na ameamua kwamba hayatagawanywa. Kila msichana na kila mvulana wa ukoo anayemtembelea hupewa kijiti, akaonyeshwa mahali pa kugusa na kiasi cha kutumia, kisha huketishwa mpaka ile robo saa ya kwanza ipite. Anataka mafuta yaishe mikononi mwetu naye akiwepo, akituona.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu mlioko Columbus na Buffalo, njooni mapema. Na nyinyi wasomaji wa koo nyingine, waulizeni wazee wenu walijipaka nini, wakati gani, mbele ya nani, na kwa kiasi gani. Andikeni majibu yao pamoja na majina ya mababu.