Haikuwa vidole vya mtoto, ulikuwa umande

Baridi ya Julai kule Njombe haina mchezo. Ijumaa usiku, baba mmoja alitoka uani na binti yake wa miaka 14 kupiga picha za nyota. Jumatatu binti alikuwa anarudi bweni, na alitaka kwenda na picha ya Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota unaopita juu ya paa miezi hii.

Picha za kwanza zilitoka safi. Baada ya nusu saa, nyota zikawa kama zimefunikwa na moshi.

"Umegusa kioo!" baba akafoka.

"Sijagusa, baba."

Hakusikilizwa. Akaenda kulala akilia.

Baba akaifuta lenzi na kupiga tena. Dakika chache tu, ukungu ukarudi. Alipomulika kwa tochi ya simu, akaona matone madogo yamejaa kiooni. Ulikuwa umande. Usiku usio na mawingu, kioo kinachotazama angani hupoteza joto upesi. Kikipoa vya kutosha kuliko hewa inayokizunguka, mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu yake. Kufuta hakusaidii. Dawa ni kukizuia kisipoe.

Jumamosi jioni alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani, kamera ipate joto kabla ya kutoka. Mama akakataa katakata. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na katika chumba kilichofungwa huua. Badala yake akapasha mchele kwenye kikaango kikavu, akaujaza kwenye soksi mbili.

"Uwe wa vuguvugu tu," alisema.

Soksi moja ikafungwa kuizunguka lenzi mapema, bila kugusa kioo. Mbele wakaweka mrija wa karatasi ngumu nyeusi, kioo kisitazame anga lote. Ya pili ilisubiri ya kwanza ipoe.

"Mwanangu, jana nilikuonea. Nisamehe," baba alisema kabla ya picha ya kwanza.

Binti alinyamaza kidogo. "Nimekusamehe. Shika tochi, baba."

Saa sita usiku kioo kilikuwa bado kikavu. Waliifungia kamera kwenye begi lake hukohuko nje, wakaiacha humo hadi asubuhi, maana kamera ya baridi ikifunguliwa ndani penye joto nayo hulowa.

Jumatatu picha ikasafishwa studio. Binti akapanda basi akiwa nayo ndani ya daftari.