Gobole Lililotoka Kambini

Kwetu Tabora, gobole la babu tulilijua kuwa ni kazi ya mhunzi wa kijijini. Lilishindiliwa baruti na marisau kwa mdeki, likapachikwa fataki, likaua kanga na kufukuza ngedere shambani.

Maana yake ilibadilika baba mdogo alipolipeleka kwa fundi wa bunduki. Pembeni mwa mtambo palikuwa na taji na neno TOWER. Yule fundi hata hakulijali. Viwanda vya Birmingham na Liège, alisema, vililipiga neno hilo hadi kwenye bunduki za biashara za bei poa. Alianzia kwenye mti unaoshika mtutu. Mti ulikuwa umekatwa katikati, na sehemu ya mbele ya mtutu, iliyofunikwa na mti miaka mingi, bado ilikuwa na rangi tofauti. Akatuonyesha alama za pete zilizowahi kuubana mtutu, kisha kivuli cha mstatili juu yake: hapo ndipo shabaha ya nyuma ilipong'olewa. Mwindaji wa kanga ana haja gani na shabaha ya masafa ya mbali?

Ilikuwa Enfield ya muundo wa 1853, bunduki ya jeshi la Uingereza. Mtutu wake wa asili una inchi 39 na ndani yake michirizi mitatu inayozunguka ili risasi ijizungushe. Marisau hayaitaki michirizi hiyo, yanatawanyika ovyo, kwa hiyo yeyote aliyeigeuza aliikwangua yote. Kuanzia 1866 Waingereza walihamia bunduki za kujazwa nyuma, na silaha kuukuu za Ulaya zikauzwa rahisi. Nyingi zilishuka Unguja na kupanda bara na misafara ya pembe. Wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Wanyamwezi walitumia za namna hiyo.

Wafaransa nao, waliposhindwa vita vya 1870-71, waliuza bunduki zao zenye kifuniko cha pembeni kama tabakero. Liège ikazigeuza kuwa za marisau, zikauzwa Marekani kwa jina la "Zulu". Jina la soko tu, Wazulu hawahusiki.

Ukiwa na gobole la urithi, usilisugue kwa msasa, utafuta alama zote. Kwanza ingiza mdeki taratibu: ukigota kabla ya kufika usawa wa fataki, huenda bado limeshindiliwa. Liache hapo hapo, umwite fundi mwenye kibali.