Vikombe Vitano vya Chai Mabawe

Ndugu msomaji, mwezi huu tunakwenda Mabawe. Mabawe ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Iko mbali, kule magharibi ambako nchi yetu inapakana na Burundi na Rwanda. Hatuendi kutazama kiwanda wala daraja. Tunakwenda kuonja chai.

Huenda ukacheka na kusema, "Chai naijua, nakunywa kila siku." Ni kweli. Lakini je, umewahi kuweka vikombe kadhaa vya chai mbele yako, ukavionja kimoja kimoja, ukapima kipi ni kizuri na kwa nini? Wengi wetu hatujafanya hivyo. Chai tunaijua kwa sukari yake. Leo tujifunze kuijua kwa majani yake na viungo vyake. Faida yake utaiona mwishoni, hasa kwenye mfuko wa sukari.

SAFARI

Ukitoka Kahama unapita Nyakanazi, kisha unafika Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo. Kutoka hapo barabara inaelekea magharibi, inapita Nyakahura na kuingia wilaya ya Ngara. Huko mbele inagawanyika. Njia moja inakwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, karibu na mahali mto Ruvubu unapokutana na mto Kagera. Njia nyingine inapanda kwenda Ngara mjini na Kabanga, mpakani na Burundi.

Hii ni nchi ya vilima. Utaona migomba, mibuni na mashamba ya maharage kwenye miteremko. Wenyeji wake ni Wahangaza na Washubi. Asubuhi kuna baridi, na mgeni akikaribishwa ndani hufurahi kupewa kikombe cha moto.

Hapa kuna jambo la kufikiri. Shambani kuna kahawa, lakini katika nyumba nyingi kinachochemka jikoni ni chai. Kahawa inauzwa, chai inanunuliwa. Hata chakula cha asubuhi tunakiita chai. Mtu akikuuliza, "Umekunywa chai?" anataka kujua kama umekula. Basi kitu tunachokinunua mwaka mzima kinastahili kujulikana vizuri.

MAJANI YANATOKA WAPI?

Mchai ulianza kulimwa Uchina, zamani sana. Hata neno letu "chai" lina asili ya Kichina. Hapa nchini, Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Kilimo cha chai ya biashara kilianza mwaka 1926. Sehemu zinazojulikana kwa chai ni Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, Korogwe na Muheza. Katika mkoa wa Kagera, chai imelimwa Maruku, karibu na Bukoba. Majirani zetu wa Burundi wanayo mashamba ya chai Teza na Rwegura.

Wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake. Kiwandani majani hunyaushwa, kisha hukatwakatwa. Halafu huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya kahawia. Mwisho hukaushwa kwa joto. Chai ya kijani hutoka kwenye mmea uleule, ila majani yake hupashwa moto mapema ili yasigeuke rangi.

Kutoka Mufindi mpaka Ngara kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,000. Njiani na dukani, majani makavu ya chai yana tabia moja kubwa: hunyonya harufu ya kitu kilicho karibu.

Tabia hii inaweza kukusaidia au kukuharibia. Wachina waliitumia vizuri. Hulaza majani ya chai pamoja na maua ya yasmini usiku kucha, na asubuhi chai hunukia yasmini. Waingereza wana chai inayotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa na malimau. Watu wa Moroko hutia nanaa katika chai ya kijani. Wahindi huchemsha chai na maziwa, tangawizi na iliki. Sisi pia tunayo chai ya viungo, hasa pwani na Visiwani.

Lakini angalia rafu ya duka. Pakiti ya chai ikiwa wazi karibu na sabuni, nayo itanuka sabuni. Ikikaa karibu na mafuta ya taa au samaki wakavu, itachukua harufu hizo. Kwa hiyo unapofungua pakiti, nusa kwanza. Nyumbani weka majani katika kopo kavu lenye mfuniko, mbali na sabuni na moshi wa jiko.

SASA TUONJE

Tuseme umeketi Mabawe na jamaa zako. Tafuta vikombe vitano vya ukubwa mmoja, na vitano vingine au bilauri za kuchujia. Andika herufi A, B, C, D na E kwenye vipande vya karatasi. Weka kila kipande mbele ya kikombe chake.

Katika kila kikombe tia kijiko kimoja cha chai cha majani, bila kujaza kupita kiasi. Majani yawe ya pakiti moja. Kisha ongeza viungo hivi:

Kikombe A: usitie kitu. Hiki ni chai tupu.

Kikombe B: tia jani moja la mchaichai, lililokatwa vipande vidogo.

Kikombe C: tia kipande cha tangawizi mbichi kinacholingana na ncha ya kidole, kiwe kimepondwa.

Kikombe D: tia punje mbili za iliki, ziwe zimepasuliwa.

Kikombe E: tia karafuu moja tu.

Chemsha maji safi mpaka yatokote hasa. Kumbuka kuwa katika nchi ya vilima maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Penye kimo cha meta 1,500, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo usimimine maji yaliyokwisha kupoa. Yatoe jikoni na uyamimine papo hapo, kiasi kilekile katika kila kikombe. Funika vikombe kwa visahani. Subiri dakika sita, kisha chuja vyote.

Usitie sukari. Usitie maziwa. Hayo yatakuja baadaye.

Kwa nini tunalinganisha kila kitu hivi? Kwa sababu tunataka kubadili jambo moja tu, yaani kiungo. Kama kikombe kimoja kina majani mengi na kingine machache, hutajua tofauti imeletwa na majani au na iliki. Ni kama kujaribu mbegu mbili za maharage. Ukipanda moja penye mbolea na nyingine pasipo mbolea, hujajaribu mbegu.

JINSI YA KUONJA

Kwanza tazama rangi. Chai nzuri inang'aa, haina utusitusi. Pili, nusa mvuke. Tatu, chota kwa kijiko na uivute kinywani kwa sauti, pamoja na hewa. Mezani tungekukataza, lakini waonjaji wa chai viwandani na minadani hufanya hivyo hasa. Hewa huisambaza chai juu ya ulimi na kupandisha harufu puani. Suuza kinywa kwa maji baada ya kila kikombe.

Anza na A. Utahisi uchungu kidogo, na ukakasi unaokausha ulimi na mashavu. Ukakasi huo ni wa majani yenyewe. Ukiona chai haina ukakasi wala harufu, majani yamechakaa au ni machache.

Nenda B. Mchaichai una harufu ya limau lakini hauna ukali wa limau. Hupunguza uzito wa chai na kuifanya nyepesi kinywani.

C ni tangawizi. Harufu yake si kubwa, lakini baada ya kumeza koo hupata joto. Tangawizi hulimwa sana wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro.

D ni iliki. Iliki hunukia vizuri na huleta hisia ya utamu, ingawa kikombe hakina sukari. Hulimwa Usambara ya Mashariki.

E ni karafuu, ya Unguja na Pemba. Ina nguvu sana na hufisha ganzi kidogo ulimi. Ndiyo maana tumeiweka mwisho. Ukianza nayo, hutavitendea haki vikombe vingine.

KALAMU ISHIKE

Ulimi husahau upesi. Chukua daftari. Andika herufi ya kikombe, kisha maneno mawili au matatu: "B, nyepesi, inanukia." "C, moto kooni." Kila mmoja aandike yake kabla ya kusema, maana mzee au mgeni akitangulia kusema, wengine watamfuata kwa heshima.

Baadaye fanya jaribio la pili. Ondoa E. Mtoto mkubwa abadilishe nafasi za vikombe vilivyobaki huku ninyi mmegeuka. Onja tena na ujaribu kuvitambua. Kisha linganisha na maandishi yako ya kwanza. Huenda kikombe ulichokisifu kwanza ukakipita sasa. Huko ndiko kuupima ulimi wako kwa haki.

Sasa tia sukari, nusu kijiko kwanza. Onja. Ongeza nusu nyingine. Acha pale unaporidhika na uandike kiasi. Watu wengi wataona kuwa chai ya iliki au mchaichai huwatosha kwa sukari pungufu kuliko chai tupu.

HESABU YA SUKARI

Kijiko cha chai cha sukari kina uzito wa gramu 4 hivi. Chukua nyumba ya watu sita. Kila mtu anakunywa vikombe viwili kwa siku. Hivyo ni vikombe 12. Kila kikombe kikipunguzwa kijiko kimoja tu, mmeokoa vijiko 12, yaani gramu 48 kwa siku. Kwa siku 30 ni gramu 1,440. Hiyo ni karibu kilo moja na nusu ya sukari kila mwezi. Uliza bei dukani, kisha malizia hesabu mwenyewe.

Mwili nao unapata nafuu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari kwa siku, na ni bora zaidi asizidishe 25. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja, amekwisha kula gramu 36 kwa chai peke yake.

JAMBO LA KUKUMBUKA

Ule ukakasi wa chai una kazi nyingine mwilini. Huzuia madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga za majani yasiingie vizuri katika damu. Sisi tunategemea maharage. Kwa hiyo usinywe chai ya majani pamoja na mlo wa maharage. Acha ipite saa moja. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito na kwa watoto, ambao ni rahisi kupungukiwa damu. Mtoto mdogo asipewe chai mahali pa maziwa au uji. Maji ya mchaichai mtupu, bila majani ya chai, ni kinywaji chepesi zaidi kwa jioni, tena hayafukuzi usingizi.

KIUNGO KILICHO NYUMA YA NYUMBA

Viungo vingine vinatoka mbali na vinahitaji fedha. Mchaichai hauhitaji. Omba shina kwa jirani, ligawe pamoja na mizizi yake, upande karibu na mahali pa kuogea ambapo maji hayakosekani. Shina moja huwa kichaka. Tangawizi nayo huota kutokana na kipande chenye jicho, penye udongo laini na kivuli kidogo.

Ukitaka kuweka chai ya viungo tayari, kausha majani ya mchaichai kivulini mpaka yavunjike mkononi. Changanya na majani ya chai katika kopo, funika, acha wiki mbili. Chai itanyonya harufu, kama ile ya yasmini ya Wachina. Usitie kiungo kibichi, maana kopo litaota ukungu na utatupa vyote.

Basi, msomaji, si lazima usafiri mpaka Mabawe. Vikombe vitano, birika moja na daftari vinatosha popote ulipo. Jaribu jioni moja na jamaa zako. Kisha andika juu ya kopo lako, kwa mkono wako mwenyewe, jina la chai iliyoshinda na idadi ya vijiko vya sukari vinavyoitosha.